Siri ya Mtungi Aijuaye Kata: Kukadiria Kalori za Chakula cha Kupikiwa katika Mitaa ya Eastlands

Utangulizi

Mjomba wangu anaishi mtaa wa Umoja na kufanya kazi katika kiwanda kimoja cha Industrial Area. Asubuhi hunywa chai katika kibanda kilicho karibu na kituo cha matatu. Mchana hula katika kibanda kingine nje ya lango la kiwanda. Jioni hula kilichopikwa na mkewe au na binti yake mkubwa. Alipogunduliwa kuwa na ugonjwa wa kisukari, alirudi kutoka kliniki na karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza. Karatasi hiyo ilimtaka asizidishe kalori 1,800 kwa siku, na ikamfundisha kupima kila chakula kwa mizani ya jikoni kabla ya kukipika. Alinikabidhi karatasi ile kwa kuwa mimi ndiye ninayehesabiwa kuwa mtu wa lugha katika ukoo. Nilimfasiria sentensi moja baada ya nyingine. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu: “Mpwa wangu, hapa wanasema na anayepika. Anayepikiwa naye afanyeje?”

Sikuwa na jibu. Makala haya ni matokeo ya kulitafuta. Yanakusudia kueleza namna mtu asiyeshika mwiko anavyoweza kukadiria nishati iliyomo katika mlo wake, hasa katika mitaa ya mashariki mwa Nairobi ambako wengi wetu, wanafunzi na wafanyakazi, huishi kwa chakula cha vibandani na cha nyumba za jamaa. Suala hili si la mjomba pekee. Uchunguzi wa kitaifa kuhusu vichocheo vya magonjwa yasiyoambukiza, uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015, ulionyesha kuwa asilimia 27 ya watu wazima walikuwa na uzani uliopita kiasi au unene wa kupindukia. Kwa wanawake kiwango hicho kilikuwa kikubwa zaidi kuliko kwa wanaume. Maradhi ya kisukari, shinikizo la damu na moyo hayabishi hodi katika mitaa ya kifahari peke yake.

Hoja kuu ya makala haya ni kwamba anayepikiwa hukosea anapojaribu kupima sahani. Kipimo cha kuaminika hakimo sahanini. Kimo dukani, katika kile kilichonunuliwa kabla ya moto kuwashwa. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Kazi ya anayepikiwa ni kuitafuta kata hiyo.

Kalori ni nini?

Kalori ni kipimo cha nishati, kama vile kilo ilivyo kipimo cha uzani na lita kipimo cha ujazo. Neno lenyewe lilianza kutumika Ufaransa katika miaka ya 1820, pale Nicolas Clément alipolitumia katika mihadhara yake kuhusu joto. Kalori moja ya lishe, ambayo wanasayansi huiita kilokalori, ni kiasi cha joto kinachotosha kupandisha halijoto ya kilo moja ya maji kwa digrii moja ya selsiasi. Mwishoni mwa karne ya 19, Mmarekani Wilbur Atwater alipima nishati ambayo mwili huipata kutokana na vyakula mbalimbali. Kazi yake ndiyo msingi wa kanuni inayotumiwa hadi leo: gramu moja ya wanga hutoa kalori 4, gramu moja ya protini hutoa kalori 4, na gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9. Maji na chumvi havitoi kalori hata moja.

Kutokana na kanuni hii tunapata mambo mawili ya kuzingatiwa na kila anayepikiwa. La kwanza ni kwamba mafuta yana nishati zaidi ya maradufu ya wanga. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kupikia kina kalori zipatazo 120, ilhali kijiko cha chai cha sukari, ambacho sote tumezoea kukiogopa, kina kalori zipatazo 16. La pili ni kwamba maji huongeza uzani wa chakula bila kuongeza nishati. Kilo moja ya unga wa mahindi ina takriban kalori 3,600. Msongaji akitia maji mengi atapata ugali laini na mwingi. Akitia machache atapata ugali mgumu na mdogo. Ugali hutofautiana kwa uzani na kwa ukubwa, lakini kalori za sufuria nzima hubaki 3,600. Hii ndiyo sababu mizani ya jikoni haimsaidii sana mtu aliyekwisha kupakuliwa: hajui katika ile gramu 400 ya ugali wake unga ni kiasi gani na maji ni kiasi gani.

Sahani na shibe

Watu wengi, wanapoulizwa wamekula kiasi gani, hujibu kwa kurejelea shibe. Kiswahili kina msamiati mpana katika uwanja huu. Kushiba ni tumbo kujaa. Kutosheka ni nafsi kuridhika, na mtu aweza kutosheka kabla hajashiba. Kukinai ni kufikia hatua ya kutokitaka tena chakula, aghalabu kwa sababu ya utamu au mafuta kuzidi. Kuvimbiwa ni kula kupita kiasi hadi kuumwa. Hakuna hata kimoja kati ya vitenzi hivi kinachopima nishati. Bakuli la sukuma wiki iliyochemshwa hulijaza tumbo kwa kalori chache mno. Pakiti ya chipsi humwacha mtu akitafuta kingine cha kutafuna, ingawa amekwisha kula nishati ya mlo mzima.

Macho nayo hayafai kuwa mashahidi. Mwaka 1992 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti kuhusu watu wanene waliodai kwamba walikula kidogo sana na bado hawakupungua. Walipopimwa kwa mbinu za kimaabara, ilibainika kwamba kwa wastani asilimia 47 ya nishati waliyokula haikuwamo katika kumbukumbu zao. Hawa hawakuwa lazima waongo. Walikuwa wakikadiria kwa macho, na macho hayayaoni mafuta yaliyokwisha kuingia ndani ya chakula.

Vitenzi vya upishi

Kabla ya kufika dukani, anayepikiwa ana ushahidi mwingine ulio karibu, nao ni lugha. Jina la chakula aghalabu hubeba kitenzi kilichokizaa, na kitenzi hicho hutoa habari za mafuta.

Kuchemsha na kutokosa ni kuivisha kwa maji. Hapa hakuna nishati inayoongezwa. Kuchoma na kubanika ni kuivisha kwa moto wa makaa. Mafuta ya nyama yenyewe hudondoka, na kinachobaki hutegemea aina ya nyama. Kuunga ni kutia kitunguu, nyanya na mafuta katika kilichokwisha kuchemshwa, au kukipika pamoja navyo. Mafuta yote ya kuungia hubaki katika chakula na huliwa. Kukaanga, kwa maana ya kuzamisha katika karai la mafuta yanayochemka, ni tendo la kubadilishana: maji hutoka ndani ya chakula yakiwa mvuke, na mafuta huingia mahali pake. Gramu 100 za viazi vilivyochemshwa zina kalori zipatazo 85. Gramu 100 za chipsi zinaweza kufikia kalori 300. Kiazi ni kilekile. Kilichobadilika ni kitenzi.

Ni vyema mwanafunzi wa lugha atambue kwamba katika matumizi ya mitaani kitenzi kukaanga kimepanuka kimaana hata kikakimeza kuunga. Githeri inayoitwa ya kukaanga kwa kweli imeungwa tu, na huenda sahani moja ikawa na kijiko kimoja cha mafuta. Samaki wa kukaangwa wa Gikomba amezamishwa. Mtu anayeandika kumbukumbu za mlo wake akitumia kitenzi kimoja kwa vyakula hivi viwili atakuwa ameficha tofauti kubwa chini ya neno moja. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kukadiria ni kukiita chakula kwa kitenzi chake halisi.

Kipimo kiko dukani

Waswahili wa pwani walikuwa na vipimo vyao vya nafaka: kibaba, pishi ambayo ni vibaba vinne, na frasila kwa mizigo mikubwa. Methali ya haba na haba hujaza kibaba inatukumbusha kwamba kibaba kilikuwa chombo hasa, kilichoshikwa mkononi. Katika masoko ya Kenya ya leo kuna gorogoro, kopo la takriban kilo 2 linalopimia mahindi na maharagwe. Katika mitaa ya Eastlands, kuanzia Kaloleni na Makongeni hadi Dandora na Kayole, kuna utaratibu wa kununua kidogo kidogo: sukari robo, mchele nusu kilo, unga pakiti moja, na mafuta ya kupima yanayomiminwa dukani kwa kiasi ambacho mnunuzi anakimudu siku hiyo.

Utaratibu huu umezaliwa na ukata, wala hatuna haja ya kuupamba. Mnunuzi wa kidogo kidogo mara nyingi hulipa bei ya juu kuliko yule anayenunua dumu zima. Hata hivyo, kwa suala letu una faida moja ambayo anayenunua dumu hana. Kilichoingia jikoni leo kinajulikana kwa gramu na kwa mililita, kwa sababu kilipimwa na mwenye duka ambaye hakutaka kupata hasara. Kata inayoijua siri ya mtungi ni ile ya mwenye duka.

Hebu tutazame mfano. Tuseme nyumba ya watu watano imenunua mafuta ya kupima mililita 100 kwa ajili ya mlo wa jioni, na yote yameungia sukuma wiki na nyama. Mililita 100 za mafuta ni gramu 92 hivi. Tukizidisha kwa 9 tunapata kalori zipatazo 830. Tukigawanya kwa watu watano, kila mmoja amepata kalori 165 za mafuta. Hatukuhitaji kuingia jikoni, wala kumsimamia mpishi, wala kuchovya kijiko katika mchuzi. Tulihitaji kujua kilichonunuliwa, idadi ya walaji, na kama kuna kilichobaki.

Ugali nao ni vivyo hivyo. Nyumba hiyo ikisonga unga robo tatu ya kilo, sufuria ina kalori 2,700. Wastani wa kila mtu ni 540. Lakini ugali haugawiwi kwa wastani. Mwenye nyumba huenda akakatiwa robo nzima, na mtoto akapata kipande cha kiganja. Kwa hiyo anayehesabu na aangalie sehemu aliyopata kati ya ugali mzima: robo, sudusi au thumni. Robo ni kalori 675. Sudusi ni 450. Sehemu ya kitu kizima huonekana kwa macho vizuri zaidi kuliko uzani wake, nasi tumezoea kukadiria sehemu tangu tulipokuwa tukiandaliwa ugali na ndugu zetu katika sinia moja.

Msomaji anayetaka takwimu za vyakula vingine anaweza kutazama majedwali ya viambato vya vyakula vya Kenya, yaliyotolewa mwaka 2018 na Serikali ya Kenya pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Kitabu cha mapishi kilichoambatana nayo kinatoa nishati ya vyakula mchanganyiko vinavyopikwa nchini. Tanzania ilitoa majedwali yake mwaka 2008. Anayepikiwa akitumia majedwali hayo, na aanze na kile kibichi kilichonunuliwa, kisha ndipo ageukie kilichoiva.

Kibandani: namna ya kuuliza

Nyumbani mtu anaweza kujua kilichonunuliwa. Kibandani je? Hapa wengi hukata tamaa. Kumwuliza mpishi “umetia mafuta kiasi gani?” ni kama kumshtaki. Atajibu “kidogo tu,” na neno kidogo halina gramu. Nilijifunza njia nyingine siku niliyoandamana na mjomba kwenda kula mchana. Nilimwuliza mama mwenye kibanda: “Mama, pakiti moja ya unga hukutolea chapati ngapi?”

Uso wake ulichangamka. “Thelathini, nikikata madonge sawasawa. Unga ukipanda bei nafikisha thelathini na tano, lakini wateja hawa wa kiwandani hujua mara moja.”

“Na mafuta je?”

“Pakiti moja hunimalizia chupa ya soda. Zaidi ya hapo nafanya kazi ya bure. Kwani unataka kufungua kibanda chako hapa?”

Mjomba alicheka, nami nikaandika. Swali lile halikumkera kwa sababu halikuhusu tabia yake. Lilihusu biashara yake. Kila mwenye kibanda anajua pakiti yake hutoa nini, maana asipojua hatadumu mwezi. Hesabu anayoifanya kwa ajili ya faida ndiyo hesabu tunayoitaka kwa ajili ya afya.

Sasa tukokotoe. Pakiti ya kilo 2 ya unga wa ngano ina kalori zipatazo 7,200. Kwa chapati 30, kila moja ina kalori 240 za unga. Chupa ya soda ni mililita 300, yaani gramu 276 za mafuta, ambazo ni kalori zipatazo 2,480. Kwa chapati 30, kila moja imekunywa kalori 80 na kidogo. Kwa hiyo chapati moja ya kibanda kile ina takriban kalori 320. Mama huyo huyo alisema kwamba kilo moja ya maharagwe makavu humtolea bakuli 13. Kilo hiyo ina kalori zipatazo 3,400, hivyo kila bakuli lina 260. Tukiongeza kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kuungia, tunapata 380.

Njia hii ina kasoro mahali pamoja, nayo ni karai la kukaangia. Mafuta yanayobaki karaini baada ya mandazi au samaki kuepuliwa hayajaliwa, na hutumika tena kesho. Hapa swali linalofaa ni la kuongezea: “Kesho utaongeza mafuta kiasi gani ili karai lifikie pale pale?” Kinachoongezwa ndicho kilichoondoka na chakula. Mandazi moja ya kawaida, yenye unga wa gramu 40 hivi, sukari kidogo na mafuta iliyoyanywa, hukaribia kalori 200.

Hesabu ya siku moja

Tulirudi nyumbani tukaiandika siku moja ya mjomba jinsi ilivyokuwa kabla hajabadilisha chochote. Asubuhi alikunywa kikombe cha chai, nusu maziwa na nusu maji, chenye vijiko vitatu vya sukari: kalori zipatazo 125. Alikula na mandazi mawili: 400. Mchana alikula chapati mbili, 640, na bakuli la maharagwe, 380. Jioni alikula robo ya ugali, 675. Sukuma wiki, 50. Sehemu yake ya mafuta ya kuungia, 165. Na sehemu yake ya nusu kilo ya nyama, 200. Jumla ilikuwa kalori 2,635.

Alishangaa. Alikuwa amejidhania mtu wa kula kidogo, kwa kuwa hanywi soda wala hali keki. Tulipoyatazama yale makadirio tuliona kwamba nyama, ambayo ndiyo aliyodhani ingemletea matatizo, haikuwa juu katika orodha. Kilichotangulia ni ugali, chapati na mandazi.

Kisha tuliandika siku ya pili, ambayo haikumtaka aache kupikiwa wala ahame vibanda vyake. Chai bila sukari, 80, na viazi vitamu vya kuchemsha gramu 200, ambavyo huuzwa asubuhi kandokando ya barabara, 170. Mchana chapati moja, 320, na bakuli lile lile la maharagwe, 380. Jioni sudusi ya ugali, 450. Sukuma wiki maradufu, 100. Nyama ile ile, 200. Na mafuta ya nyumba nzima yakipunguzwa kutoka mililita 100 hadi 50, sehemu yake ikawa 83. Jumla ni kalori 1,783. Amefika chini ya kiwango alichopewa. Kubwa kuliko yote ni kwamba mkewe hakuhitaji kupika vyungu viwili. Alinunua mafuta nusu ya yale ya kawaida, na nyumba nzima ikafaidika.

Karamu na ugeni

Kuna milo ambayo haiulizwi. Katika arusi, katika matanga, katika pilau ya Idd huko Pumwani, au mtu anapotembelea wakwe zake Jericho, hakuna anayemwuliza mwenyeji pakiti ngapi zimetumika. Kufanya hivyo ni utovu wa adabu, na hesabu yoyote inayomkosanisha mtu na watu wake itaachwa kabla ya mwezi kwisha.

Kwa milo hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, mtu ajipakulie mwenyewe inapowezekana, na apakue mara moja. Katika karamu nyongeza ya pili ndiyo inayoharibu makadirio, kwa kuwa huja kidogo kidogo na kwa mikono ya watu wengi. Pili, aandike kadirio la juu. Sahani ya wali ulioiva gramu 300 ina kalori zipatazo 390 ikiwa ni wa maji. Pilau ya karamu, yenye mafuta na nyama, na ihesabiwe walau mara moja na nusu ya hiyo. Tatu, ajifunze kulitumia neno nimetosheka mahali pa neno sitaki. La kwanza ni sifa kwa mpishi. La pili ni lawama. Lugha yetu imempa mgeni njia ya heshima ya kuweka mkono juu ya sahani, naye aitumie.

Mlo mmoja wa karamu hauvunji mwezi. Wahenga walisema mla ni mla leo, mla jana kala nini? Katika suala la nishati, mwili hauikubali methali hii. Mwili huyahesabu ya jana pamoja na ya leo. Kwa sababu hiyo ni busara kutazama wastani wa wiki nzima badala ya kuihukumu siku moja. Aliyezidisha kalori 700 katika arusi ya Jumamosi anaweza kuzirudisha kwa kupunguza 100 kila siku kwa wiki moja, bila kujinyima hata mlo mmoja.

Mipaka na tahadhari

Haifai msomaji aondoke na dhana kwamba takwimu hizi ni sahihi hadi tarakimu ya mwisho. Ni makadirio. Unga hutofautiana, madonge hutofautiana, na mama wa kibanda naye ana siku za haraka. Makadirio yanayokosea kwa sehemu moja ya kumi, kila siku kwa namna ile ile, bado humsaidia mtu kuona kama anapanda au anashuka. Uzani wa mwili ukipimwa mara moja kwa wiki ndio utakaoonyesha kama kadirio linaelekea kweli.

Tahadhari kubwa ni kwa wagonjwa. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari asipunguze chakula ghafla pasipo kumshauri daktari wake, kwa kuwa sukari ya damu yaweza kushuka hadi akazimia. Kiwango cha kalori 1,800 alichopewa mjomba ni chake yeye, kulingana na umri, mwili na kazi yake. Si cha kila msomaji. Vilevile wapo wanafunzi wenzetu katika mitaa hii hii ambao tatizo lao ni kukosa chakula. Kwa hao hesabu hii inatumika kinyume: kujua kwamba kijiko cha mafuta katika bakuli la githeri kinaongeza kalori 120 ni kujua njia ya gharama ndogo ya kuongeza nguvu. Kuhesabu hakumaanishi kujinyima. Ni kujua.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba anayepikiwa hana budi kuacha kuitazama sahani na kuanza kuulizia pakiti. Akikiita chakula kwa kitenzi chake halisi, akijua kilichonunuliwa, akigawanya kwa idadi ya sehemu, na akiuliza kwa adabu, atapata kadirio la kutosha kumwongoza.

Linabaki jambo moja linalotuhusu sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Nilipoifasiri ile karatasi ya kliniki sikukosea neno hata moja, na bado haikumfaa aliyeletewa. Lugha ilikuwa ya Kiswahili, lakini vipimo vilikuwa vya jikoni ambalo mjomba hajaliona. Nimeiandika upya. Sasa inataja chupa ya soda, pakiti ya kilo 2, bakuli la kibandani na robo ya ugali, na imebandikwa ukutani karibu na mlango wa jikoni, mahali ambapo mpishi na mlaji wote wanaiona. Karatasi za namna ile zipo nyingi katika kliniki zetu, na wagonjwa huzikunja na kuzitia mfukoni. Kuzifasiri ni kazi ya siku moja. Kuzipatia vipimo ambavyo watu wanavishika mikononi ni kazi inayotaka mtu aende dukani na kibandani, aulize, na asikilize. Hiyo ni kazi yetu.